Shekhar Mehta: Dereva aliyepima gari kwa kufika, si kwa kukimbia

Na Mwandishi Wetu, Biharamulo

MALORI mengi yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita Lusahunga, wilayani Biharamulo mkoani Kagera. Hapa ndipo barabara zinapoachana. Moja inaelekea Ngara hadi mpakani Rusumo, umbali wa kilomita 92, na nyingine inakwenda Biharamulo mjini, Muleba na Bukoba. Kwa sababu hiyo wakazi wa hapa ni wataalamu wa magari hata kama hawana gari. Wanajua lori lipi hupanda mlima na shehena bila kulalamika, lipi hunywa mafuta kama mgeni wa harusi, na lipi likikatika ekseli litalala pembeni ya barabara wiki mbili likisubiri kipuri.

Vijana wakikaa kwenye mabenchi ya mama lishe, mazungumzo hayo hayaishii kwenye malori. Magari ya kifahari ya mbio kutoka Marekani, hasa Ford Mustang na Chevrolet Corvette, yana mashabiki wake hata Lusahunga, ingawa kuyaona kwenyewe ni kwa picha tu. Kundi moja husema hakuna gari linalompa mtu nguvu nyingi kwa fedha kidogo kama la Mmarekani. Kundi la pili husema nguvu hiyo ni ya barabara ya lami iliyonyooka, na kwamba Mjapani ndiye anayejua kazi.

Ubishi huo una umri mkubwa kuliko hao wanaobishana, na kwa Afrika Mashariki uliwahi kupimwa barabarani, kwenye tope na vumbi, mbele ya watu. Aliyehusika nao kwa muda mrefu na kwa mafanikio makubwa ni mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Jina lake ni Shekhar Mehta. Ukurasa huu ni wa biashara na kilimo, lakini msomaji akituvumilia ataona kwa nini maisha ya dereva wa mbio yanamhusu mwenye shamba la maharage.

Mehta alizaliwa Juni 20, 1945 nchini Uganda, katika familia ya Kiasia yenye utajiri wa mashamba makubwa. Msomaji asidhani basi kwamba hii ni habari ya mtoto wa maskini aliyeinuka kwa jasho lake. Mbio za magari zilikuwa, na bado ni, mchezo wa wenye nazo. Lakini wenye nazo wengi walijaribu mchezo huu na wakaishia kuacha magari yao mitaroni.

Nchini Uganda jina la Mehta watu hulihusisha mara moja na sukari, kutokana na kiwanda cha Lugazi kilichoanza mwaka 1924. Sukari ni zao linalofundisha hesabu ya usafiri kuliko zao jingine lolote. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari yake, na ukikaa zaidi ya siku moja au mbili kabla ya kusagwa hasara huonekana kwenye mizani. Kwa mwenye shamba la miwa, lori linaloweza kukimbia sana halina faida yoyote kama linaweza pia kulala njiani. Anachonunua si mwendo, ni uhakika wa kufika. Sisi wa Kagera tunalijua hilo kwa ndizi na maziwa.

Mashindano yaliyompa jina yalianza akiwa mtoto wa miaka saba. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, wapenzi wa magari wa Kenya walianzisha mbio za kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Jambo ambalo wachumi wangepaswa kulipigia makofi ni namna walivyoyapanga magari. Hawakuyagawa kwa ukubwa wa injini kama ilivyo kawaida ya michezo hiyo duniani. Waliyagawa kwa bei yake dukani hapa Afrika Mashariki. Gari la bei nafuu lilishindana na la bei nafuu, la ghali na la ghali. Swali lililoulizwa halikuwa nani ana kasi, bali ni gari gani linarudisha thamani ya fedha ya mnunuzi katika barabara zetu. Miaka ya mwanzo hakukuwa hata na mshindi mmoja wa jumla.

Baadaye utaratibu huo uliachwa, na mashindano yakawa makubwa. Kuanzia mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally, na viwanda vya Ulaya vikaanza kuleta magari na mafundi wake, maana kushinda Safari kulikuwa tangazo ambalo hakuna gazeti lingeweza kuliuza. Magari yalipita hadharani, katika barabara zile zile walizotumia wakulima na mabasi, na kila aliyechelewa kituoni alihesabiwa alama kwa kila dakika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 mvua ilifanya kazi yake tena na waliomaliza wakawa 7.

Mwaka 1964 Wamarekani nao walikuja. Kampuni ya Ford ilileta kundi la magari ya Mercury Comet yenye injini za silinda nane, kila injini ikikaribia lita tano. Hayakuwa magari ya kubahatisha. Miezi michache kabla ya hapo, magari ya aina hiyo yalikuwa yamezungushwa kwenye uwanja wa Daytona, Florida, kila moja maili 100,000, kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Wiki chache baada ya Safari hiyo, Aprili 17, 1964, Ford ilizindua Mustang kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Mustang na Comet zilikuwa ndugu, zote zikiwa zimetokana na muundo wa gari dogo lililoitwa Falcon. Kwa hiyo anayetaka kujua Mustang ya wakati ule ingefanyaje katika barabara za Afrika Mashariki hahitaji kukisia sana.

Jibu lilikuwa chungu. Kati ya Comet zote zilizoanza, mbili tu ndizo zilizofika mwisho, tena nyuma kabisa ya walioongoza. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya, akiendesha Ford Cortina GT iliyotengenezwa Uingereza, gari lenye injini ya lita moja na nusu. Yaani Ford ilishindwa na Ford. Gari lililozunguka Daytona maili laki moja lilikutana na tope, mashimo na maji, na nguvu yake ikawa mzigo. Hii haimaanishi kwamba Wamarekani walitengeneza gari baya. Walitengeneza gari zuri la barabara yao.

Mehta alikuwa na miaka 18 wakati huo. Katika miaka ya 1960 hiyo hiyo alianza kushiriki mashindano, na ilipofika mwaka 1971 alikuwa amepata nafasi ya kuendesha gari la kampuni ya Nissan ya Japani, lililouzwa kwa jina la Datsun. Gari hilo ni Datsun 240Z, na hapa ndipo ubishi wa vijana wa Lusahunga unapopata nyama.

Ingawa lilitengenezwa Japani, 240Z lilibuniwa kwa ajili ya soko la Marekani. Lilianza kuuzwa huko kuanzia msimu wa 1970 kwa dola 3,526. Corvette ya paa gumu ya mwaka huo ilikuwa dola 5,192. Tukichukua takwimu za nguvu kama zilivyotangazwa, 240Z lilikuwa na nguvu za farasi 151 na Corvette 300. Gawanya bei kwa nguvu: Corvette ilimgharimu mnunuzi dola 17 kwa kila nguvu moja ya farasi, na 240Z takriban dola 23. Kwa kipimo hicho Mmarekani ndiye aliyekuwa rahisi, na kundi la kwanza pale Lusahunga lina haki ya kutamba. (Takwimu za enzi hizo zilipimwa injini ikiwa nje ya gari, bila kubeba vifaa vyake vyote, kwa hiyo zote mbili zina chumvi kidogo. Lakini chumvi ni ile ile pande zote.)

Tatizo ni kipimo chenyewe. Nguvu ya farasi ni kama ukubwa wa shamba. Ekari kumi zenye rutuba na ekari kumi za mawe ni sawa kwenye hati tu. Anayenunua gari hanunui nguvu iliyo chini ya boneti, ananunua kazi itakayofanywa na nguvu hiyo mpaka gari litakapokufa au kuuzwa.

Kuna jambo jingine kuhusu 240Z ambalo matangazo hayakulisema sana. Injini yake ya silinda sita ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya silinda nne ya Datsun 1600, gari la kawaida kabisa la familia na teksi. Upana wa silinda ulikuwa mmoja na mwendo wa pistoni ulikuwa mmoja, ni kama walichukua injini ya teksi wakaiongezea silinda mbili. Mwaka 1970 gari hilo la 1600 ndilo lililoshinda Safari, likiendeshwa na Edgar Herrmann. Kwa lugha ya gereji, 240Z lilikuwa gari la kifahari lenye moyo wa gari la kazi, na fundi aliyeijua Datsun ya mtaani hakuwa mgeni kwake.

Katika Safari ya 1971 Herrmann alishinda tena, safari hii kwa 240Z, na Mehta akiwa na msoma ramani wake Mike Doughty alishika nafasi ya pili kwa gari kama hilo. Alikuwa na miaka 25. Dereva wa Dar es Salaam, Bert Shankland, ambaye alikuwa ameshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, alikuwa wa tatu kwa Peugeot 504. Porsche zilikuwepo, Ford zilikuwepo, na zote zilikuwa na madereva mashuhuri wa Ulaya.

Kisha ukaja mwaka 1972. Agosti mwaka huo Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia nchini Uganda na kuwapa siku 90 za kuondoka. Maduka, viwanda, mashamba na nyumba viliachwa. Mehta alihamia Kenya.

Kwa mchumi wa kilimo, kipindi hicho kina somo lake ambalo halifanani na yale yanayosimuliwa kwenye siasa. Waliorithi viwanda na mashamba walidhani wamepata mali. Mashine zilikuwepo, miwa ilikuwa shambani, malori yalikuwa uani. Kilichoondoka ni ratiba ya matengenezo, mawasiliano na wauza vipuri, mkopo wa benki na yule mtu anayejua kwamba beringi fulani hubadilishwa kila baada ya msimu. Uzalishaji wa sukari wa Uganda uliporomoka, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza ikaanza kupanga foleni ya sukari. Wakazi wa mpakani Kagera wanakumbuka bidhaa zilivyobadili mwelekeo wa kuvuka. Thamani ya mali ile haikuwa kwenye chuma.

Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baada ya kupoteza nyumba na nchi, Mehta alipanda tena 240Z, safari hii msoma ramani akiwa Lofty Drews. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza kwa mashindano rasmi ya dunia ya rally, na Safari ilikuwemo. Hesabu zilipofungwa, Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye akiendesha Datsun ya aina nyingine, walikuwa wamelingana alama za adhabu. Haijawahi kuwa rahisi kutenganisha watu baada ya maelfu ya kilomita. Kanuni ikampa ushindi yule aliyesafiri mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupoteza alama ya kwanza, na huyo alikuwa Mehta.

Kanuni hiyo naipenda. Inamthamini aliyechelewa kuharibikiwa, na si yule aliyefukuzia muda uliokwisha kupotea. Benki zinazokopesha wakulima zingeweza kuiazima.

Baada ya hapo ilipita miaka sita bila Mehta kushinda Safari. Katikati ya miaka ya 1970 mbio zenyewe zilibadilika, njia ikabaki ndani ya Kenya peke yake na jina likafupishwa kuwa Safari Rally. Mafuta yalipanda bei duniani baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, na mashabiki wa magari makubwa ya Marekani walipata pigo ambalo hawakulitarajia, kwa sababu gari lenye silinda nane lililokuwa rahisi kununua likawa ghali kuendesha. Bei ya kununua gari hulipwa mara moja. Bei ya mafuta hulipwa kila asubuhi. Huko Marekani kwenyewe wanunuzi wengi walihamia kwa Wajapani katika miaka hiyo, na hapa kwetu Datsun ndogo, ikiwemo pikapu yake, zikawa sehemu ya maisha ya mji na shamba.

Mwaka 1979 Mehta alirudi na Datsun 160J. Msomaji aliyewahi kuiona atashangaa, maana ni gari la milango minne la kawaida ambalo hakuna kijana angelibandika ukutani. Rally ilikuwa imelivalisha, bila shaka: injini ya lita mbili yenye kuchezewa, springi na shokamzoba za kazi ngumu, bamba la chuma la kuilinda sampu, taa za ziada, tanki kubwa. Lakini muundo wake ulikuwa wa zamani, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na ndani yake hakukuwa na jambo ambalo fundi mzuri wa Kahama angeliogopa.

Upande wa pili walikuwepo Mercedes-Benz na gari lao la 450 SLC, lenye injini ya silinda nane ya lita tano. Hilo halikuwa la Marekani, lakini fikra yake ilikuwa ile ile ya Comet ya 1964: nguvu nyingi, uzito mkubwa na fedha nyingi. Tofauti ni kwamba Wajerumani waliliandaa vizuri zaidi, na dereva wao Hannu Mikkola wa Finland alikuwa mtu aliyewahi kushinda Safari mwaka 1972. Mikkola alimaliza wa pili. Mehta, akiwa na Doughty tena, alimaliza wa kwanza.

Tarehe za ushindi huo ziangaliwe kwa makini na mtu wa Kagera. Safari ilifanyika wikiendi ya Pasaka, katikati ya Aprili 1979. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda Aprili 10 na 11. Vita vilivyoanza kwa uvamizi wa ardhi yetu kaskazini mwa Mto Kagera mwishoni mwa 1978 vilimng'oa mtu aliyemfukuza Mehta nchini kwake, na siku chache baadaye Mehta akashinda mbio kubwa kuliko zote Afrika, upande wa pili wa Ziwa Victoria. Hakuna uhusiano wa sababu na matokeo kati ya mambo hayo mawili. Lakini mwaka huo huo mkoa wetu uliacha kuitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera, na nadhani ni haki kwa wakazi wake kuyakumbuka yote kwa pamoja.

Mwaka 1980 alishinda tena, Rauno Aaltonen wa timu hiyo hiyo ya Datsun akiwa wa pili na Mercedes ya Vic Preston mdogo ikiwa ya tatu. Mwaka 1981 alishinda tena, na Datsun zikachukua nafasi zote tatu za juu. Mwaka 1982, gari likiwa sasa limezeeka kwa muundo na linajulikana kama Violet, alishinda mara ya nne mfululizo. Aliyemfuata mwaka huo alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani akiwa na Opel Ascona 400, gari jipya zaidi, na mwisho wa mwaka Röhrl ndiye aliyetwaa ubingwa wa dunia. Kwa jumla Mehta alikuwa ameshinda Safari mara 5. Hakuna dereva mwingine aliyefikia idadi hiyo katika miaka ambayo Safari imehesabiwa kwenye mashindano ya dunia.

Alifanyaje? Sifa iliyomfuata ni ya mtu wa maandalizi. Aliijua njia kabla ya siku ya mbio, aliwajua mafundi wake, na alijua ni wapi gari linaweza kukimbizwa na ni wapi likikimbizwa litavunjika. Katika Safari ya zamani magari hayakushindana kwa sekunde. Walipoteza dakika, wakati mwingine saa. Mtu aliyeokoa dakika tano kwa kulirusha gari kwenye korongo alizilipa kwa dakika arobaini chini ya gari, akiwa na spana mkononi na tope usoni. Mehta alikuwa na kasi ya kutosha, lakini kasi yake ilikuwa na bajeti.

Nimewahi kuona vikundi vya wakulima wilayani vikipanga kununua gari la pamoja la kubebea mazao, na mjadala huwa juu ya mambo mawili: bei, na linabeba tani ngapi. Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Pikapu moja inauzwa shilingi milioni 20, nyingine milioni 14. Ya kwanza, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana Kahama na Mwanza na kila fundi anaijua, itafanya safari 500 kabla ya kuchoka. Ya pili inashinda gereji, inasubiri spea kutoka mbali, na kwa muda huo huo itafanya safari 280. Ya kwanza imegharimu shilingi 40,000 kwa safari, ya pili shilingi 50,000, hata kabla ya kuhesabu maharage yaliyonyeshewa na mvua pembeni ya barabara na mnunuzi aliyekata tamaa akaondoka. Ile ya milioni 14 ndiyo ya ghali. Nguvu ya injini haikuingia kabisa kwenye hesabu hii, na wala isingebadili jibu.

Hata hivyo, tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Kuna kazi ambazo nguvu nyingi kwa bei ndogo ndiyo thamani yenyewe. Malori makubwa ya Kimarekani yaliyotumika, yenye pua ndefu, yamepata wateja Tanzania kwa sababu hiyo hiyo: kwenye lami, yakivuta shehena nzito mwendo mrefu, injini kubwa isiyojinyonga hudumu. Ukilitoa gari kwenye kazi yake ndipo linapogeuka kuwa hasara. Corvette inayokwenda kazini huko Texas kwenye barabara kama meza si ujinga. Ingekuwa ujinga kwenye barabara ya shamba huko Nyakahura wakati wa masika.

Baada ya 1982 nyakati zilibadilika. Magari yanayoendeshwa kwa matairi yote manne yakaingia kwenye rally, yakiwa na nguvu kubwa na gharama kubwa zaidi. Mehta aliendelea kushindana, na katika baadhi ya mashindano msoma ramani wake alikuwa mkewe, Yvonne. Alijiunga na timu ya Peugeot, akashiriki mbio za Paris–Dakar za mwaka 1987 katika gari la 205 Turbo 16, gari dogo lenye nguvu ambazo Datsun yake ya 160J haikuziota. Mwaka huo huo, kwenye mbio za jangwani nchini Misri zinazoitwa za Mafarao, alipata ajali mbaya na gari la aina hiyo na kuumia vibaya. Hapo ndipo kazi yake ya udereva wa ushindani ilipokoma.

Aligeukia uongozi. Aliingia katika Shirikisho la Magari la Kimataifa, FIA, na akafikia kuongoza kamisheni yake ya rally. Kazi hiyo ilimweka mahali pagumu. Mashindano ya dunia yalikuwa yanakwenda kwenye njia fupi zilizofungwa, zinazofaa televisheni, na Safari yenye barabara za wazi na umbali mrefu ilikuwa ghali kwa timu na ngumu kwa kamera. Fedha za uandaaji nazo zilikuwa tatizo la kudumu Nairobi. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa kwenye kalenda ya dunia. Mtu aliyeishinda kuliko wote alikuwa kwenye chombo kinachosimamia mchezo huo, na hakuweza kuirudisha.

Shekhar Mehta alifariki dunia London, Aprili 12, 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, miaka 15 baada ya kifo chake, makao yake yakiwa Naivasha. Mshindi wa mwaka huo, Sébastien Ogier wa Ufaransa, aliendesha Toyota.

Ama 240Z, lile lililouzwa dola 3,526, sasa wakusanyaji wa magari ya zamani Marekani na Japani hulilipia mara nyingi ya bei hiyo likiwa zima. Corvette na Mustang za miaka ile nazo zimepanda. Datsun 160J, iliyoshinda Safari nyingi kuliko zote hizo, haina soko kubwa la wakusanyaji. Nyingi zilitumika zikaisha.